Kicheko Nilichokilipia Nauli

Kwetu Kisanga kijana akitaka kusafiri safari ya maana humuaga mjomba wake. Sisi ni Wasagara, na ukoo wetu hufuata upande wa mama. Ijapokuwa siku hizi baba ndiye alipaye ada ya shule na ndiye aandikwaye katika fomu za serikali, neno la mjomba halijapoteza uzito wake. Kwa hiyo mtoto wa dada yangu alipokata shauri kwenda mjini kushindana kuimba mbele ya kamera za televisheni, hakunipigia simu kunitaka ushauri. Alitaka ruhusa, na pamoja na ruhusa alitaka nauli. Nilimpa vyote viwili siku ileile, na kwa furaha kubwa.

Nimekaa na jambo hili kifuani kwa muda mrefu. Wenzangu hapa ofisini, ambao msimu wa mashindano ukifika huwa na mjadala kila Jumatatu juu ya nani kaimba vizuri na nani kaonewa, wameniuliza mara nyingi kwa nini siku hizi sichangii, mimi niliyekuwa bingwa wa mjadala huo. Leo nawajibu hapa ukurasani, na wasomaji wataniwia radhi kama jibu litakuwa refu.

USIKU WA JENERETA

Msomaji wa Dar es Salaam pengine haijui Kisanga. Ni kata ya wilaya ya Kilosa, upande wa Mikumi. Msafiri aendaye Iringa au Zambia huvuka Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa zipatazo 50 za lami, akawatazama twiga na pundamilia dirishani, akanunua chakula Mikumi, kisha akaendelea na safari yake. Hana sababu ya kuiacha lami na kuja kwetu, kwa wakulima wa mahindi na mpunga.

Mwaka 2007 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, naingoja bahati yangu. Kijijini palikuwa na mwenye duka mmoja aliyekuwa na jenereta, dishi na televisheni, na jioni za mashindano alitoza shilingi 100 kwa mtu mzima. Watoto walikaa mchangani mbele bila malipo. Hapo ndipo tulipoliona kwa mara ya kwanza shindano la Bongo Star Search, lililoanzishwa na Rita Paulsen, ambaye nchi nzima humwita Madam Rita, kupitia kampuni yake ya Benchmark Production. Katika miaka iliyofuata tuliwazoea pia majaji waliokaa naye mezani, kama mtayarishaji wa muziki Master J na mtangazaji Salama Jabir, hata tukawa tunawataja majina kama watu wa mtaa wa pili.

Ni vigumu kumweleza kijana wa leo, mwenye picha zote za dunia katika simu yake, jinsi jambo lile lilivyotugusa. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulianza kuona vituo vya kwetu mwaka 1994. Katika muda huo mfupi tulikuwa tumekwisha kuzoea kwamba watu wa katika kioo ni viongozi, wacheza mpira na wageni. Ghafla akatokea msichana mwenye lafudhi ya Kisukuma, akaja kijana wa gereji, akaja mwuza maji wa stendi. Wakaambiwa waimbe, na watu wazima wenye majina yao wakanyamaza kuwasikiliza. Mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alisema njiani tukirudi nyumbani, "Kumbe na sisi tunaonekana."

Tuliwapenda waliojua kuimba. Lakini nisiseme uongo: waliotujaza pale dukani ni wale wasiojua. Zilikuwa ni zile wiki za mwanzo, za usaili wa mikoani. Mtu anaingia kwa mbwembwe, anafumba macho, anafungua kinywa, na sauti inayotoka haifanani na wimbo wowote duniani. Majaji wanatazamana. Halafu unapachikwa mlio wa kuchekesha, picha inarudishwa nyuma, inaonyeshwa tena polepole. Tulicheka mpaka watu wazima wakaomba njia watoke nje kufuta machozi.

Nami, niliyejaliwa kipaji cha kuigiza sauti za watu, kesho yake kisimani nilikuwa nikiwarudia wote, mmoja baada ya mwingine, kwa kufumba macho na kutikisa mabega. Watoto walinifuata kama wafuatavyo ngoma. Mmoja wao alikuwa huyu mpwa wangu, wakati huo ana miaka 7, akinivuta shati na kusema, "Mjomba, fanya tena yule wa macho!" Nami nilifanya tena.

KURA NA VOCHA

Nilipokwenda kusomea stashahada ya uandishi wa habari niliyachukua mapenzi yale pamoja nami. Mwaka 2009 alishinda Pascal Cassian, na Peter Msechu akawa wa pili. Mwaka uliofuata Msechu alikwenda Nairobi katika Tusker Project Fame, shindano la nchi za Afrika Mashariki lililodhaminiwa na kampuni ya bia ya Kenya, akawa wa pili tena, nyuma ya Davis wa Uganda. Usiku ule bweni letu lilikuwa kama lina msiba. Watu ambao hawajapata kuchangiana hata kipande cha sabuni walikuwa wamechangiana vocha ili kumpigia kura. Mtu alituma ujumbe wa kwanza, wa pili, wa kumi, na salio lilipokwisha akakopa kwa mwenzake.

Nilipokuja kupiga hesabu, niligundua kwamba muhula ule nilitumia fedha nyingi zaidi kwa kura kuliko kwa madaftari. Jambo hilo lilinikera kidogo, si zaidi ya kidogo, lakini lilinifanya nianze kuuliza. Darasani tulifundishwa kwamba kura ni ya mtu mmoja, nayo ni moja. Kura hii ya simu haina ukomo, na ina bei. Kwa kawaida ujumbe wake hutozwa zaidi ya ujumbe mwingine, na mapato yake hugawanywa kati ya kampuni ya simu na mwenye shindano. Maana yake ni kwamba mshiriki anayetuliza watu hana faida sana. Mwenye faida ni yule anayewafanya watu wasiweze kulala bila kutuma ujumbe mwingine. Ndipo nilipoanza kuyatazama kwa jicho jingine yale masimulizi ya huzuni yanayotangulia wimbo: mama mgonjwa, nyumba ya tembe, baba aliyetoroka. Sisemi kwamba yalikuwa ya uongo. Nasema tu kwamba mara nyingi niliukumbuka ugonjwa wa mama nikausahau wimbo.

Dunia imekwisha kuona mahali ambapo biashara hiyo yaweza kufika. Uingereza, mwaka 2008, mamlaka ya utangazaji iliitoza faini ya pauni milioni 5.675 televisheni ya ITV (ya huko, isichanganywe na ITV yetu) kwa hila zilizofanyika katika vipindi vilivyopigiwa simu za kulipia. Kimojawapo kilikuwa shindano la kuimba ambamo uchaguzi wa watazamaji juu ya nyimbo ulipuuzwa mara kadhaa. Korea Kusini, mwaka 2020, mtayarishaji wa shindano maarufu la Produce 101 alihukumiwa kifungo cha miaka 2 kwa kuzibadili kura za watazamaji. Siandiki haya kumtuhumu mtu yeyote wa kwetu. Sina ushahidi wa namna hiyo, wala sijapata kuutafuta. Naeleza tu jinsi mapenzi yangu yalivyoanza kupungua joto.

Kisha kulikuwa na suala la washindi wenyewe. Mwaka 2012 Walter Chilambo alitwaa shilingi milioni 50, fedha ambayo kijijini kwetu hata kuihesabu ni kazi. Mwaka 2015 Kayumba naye alipata milioni 50. Hapana budi kuwa mkweli: Chilambo amejijengea jina katika muziki wa injili, Msechu anajulikana kila kona, na Frida Amani, ambaye mwaka 2015 hakushinda, amekuwa mmoja wa wasichana wachache wanaoheshimiwa katika kughani. Lakini wako wangapi ambao tuliwalilia, tukawakopea vocha, na leo hata majina yao yametutoka? Huko Marekani, Jennifer Hudson alitolewa akiwa wa 7 katika American Idol ya mwaka 2004, na mwaka 2007 akapokea tuzo ya Oscar kwa uigizaji katika filamu ambayo ndani yake aliimba kuwashinda wengi. Na kwetu, mbunge wa Mikumi kuanzia mwaka 2015 hadi 2020 alikuwa Joseph Haule, yaani Profesa Jay, mtu aliyeitikisa nchi na kundi la Hard Blasters, kisha peke yake mwaka 2001 kwa albamu ya Machozi, Jasho na Damu. Hakupanga foleni mbele ya majaji wa televisheni. Wakati ule meza hiyo ilikuwa haijachongwa. (Alikuwa wa chama kingine, najua, hapa tunazungumza muziki.)

CHUJIO LA KWANZA

Nilipokuwa katika mafunzo ya vitendo nilipelekwa kwa muda katika kituo kimoja cha televisheni, nikakaa nyuma ya mtu anayekata na kuunga picha. Saa nyingi za kamera zilikuwa zinageuzwa kuwa nusu saa. Sikushangaa, kwa maana hata sisi wa magazeti huchukua mazungumzo ya saa nzima tukachapa mistari 4. Kilichonishangaza ni jambo jingine, ambalo mtu yule alinieleza kama anayeeleza namna ya kupika chai.

Mtazamaji huona mtu anaingia kutoka kwenye umati moja kwa moja mbele ya majaji. Haiwezekani. Watu wakifika maelfu, majaji wachache hawawezi kuwasikiliza wote kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo huwekwa chujio la kwanza: vijana wa kazi, wenye karatasi na kalamu, humsikiliza kila mtu kwa muda mfupi sana. Wale wazuri hupitishwa. Wale wa katikati, ambao ndio wengi, hurudishwa nyumbani. Na wale wabaya wa kuchekesha hupitishwa pia. Katika mashindano makubwa ya Uingereza na Marekani jambo hili limekwisha kuelezwa hadharani na watu waliopitia humo, na si siri tena.

Naomba msomaji akae kidogo hapa, kama nilivyokaa mimi. Yule mtu tuliyekuwa tukimcheka kwa ujasiri wake wa kijinga, tukiulizana "Huyu hakuwa na ndugu wa kumkataza?", alikuwa amekwisha kuambiwa na watu wa kituo kwamba amefuzu hatua ya kwanza. Alikuwa ameuona umati mkubwa ukirudishwa, yeye akaachwa aendelee. Aliingia na mbwembwe kwa sababu alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba ni hodari.

Mtindo huu haukuzaliwa kwetu. Pop Idol ilianza Uingereza mwaka 2001, American Idol ikafuata mwaka 2002, na nchi baada ya nchi zikaiga. Mwaka 2004 Marekani ilimcheka mwanafunzi wa uhandisi aliyeitwa William Hung, mzaliwa wa Hong Kong, ambaye hakuwa na sauti wala hatua za kucheza. Alipokataliwa alijibu kwa upole kwamba ametoa alichokuwa nacho na hana majuto. Kicheko kile kikampa mkataba wa kurekodi. Mwaka 2009 Waingereza walimkebehi Susan Boyle kwa sura na umri wake kabla hajafungua kinywa, na alipofungua wakaona aibu. Watu humtaja Susan Boyle kama ushahidi kwamba mtindo huu una haki. Mimi sikuweza kuacha kuwafikiria wale walioanza kuzomewa vilevile na ambao sauti haikuja kuwaokoa.

Haya yote niliyajua. Ninataka yaeleweke wazi kwamba niliyajua kabla mpwa wangu hajanipigia simu.

ALIYEKUWA AKIANZISHA NYIMBO

Alikuwa sauti ya tatu katika kwaya ya kanisa pale Kisanga, na tangu akiwa na miaka 15 ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo msibani. Wasomaji waliokulia vijijini wanajua hiyo ni kazi gani. Kinanda hakuna, usiku wa matanga watu wamechoka, wafiwa wamekauka machozi, na lazima mtu mmoja aseme kwa sauti yake wimbo unaanzia wapi, usiwe juu wakina mama wakashindwa kuufikia, wala usiwe chini ukazama. Akikosea, wimbo unakufa na unyonge unaongezeka. Yeye hakuwa akikosea. Kwa hiyo aliponiambia habari ya mashindano (si yale niliyoyataja kwa jina, na jina la haya sitalitaja), niliona kwamba chujio lile ni kwa ajili ya watu wengine. Yeye angekuwa upande wa wazuri.

Alipanda gari la alfajiri mpaka Mikumi, akaunganisha basi. Usiku alilala kwa rafiki, na saa kumi za usiku alikuwa amekwisha simama kwenye mstari. Mimi nilikuwa Dodoma kikazi. Nilikuwa nimeahidi kuwapo na sikuwapo. Saa sita mchana simu ikalia. "Shikamoo mjomba. Nimepita! Yule kaka amenisikiliza kidogo tu, akacheka, akasema wewe unaingia kwa majaji."

Akacheka. Neno hilo lilipita sikioni mwangu kama nzi. Mimi, niliyejua chujio linavyofanya kazi, sikuuliza kacheka vipi. Niliwanunulia wenzangu soda.

Aliyoyakuta ndani nilikuja kuyasikia baadaye sana, kidogo kidogo, maana yeye si mtu wa kulalamika. Aliitwa saa kumi jioni, hajala tangu jana yake. Chumba kilikuwa na baridi ya mashine na taa kali. Maisha yake yote hakuwahi kuimba bila watu wa kumpokea. Msibani huanzisha mstari, na kabla haujaisha sauti hamsini zimeubeba. Hapa alianzisha, na hakuna aliyeupokea. Kwa woga alikuwa ameanzia juu mno. Alilitambua kosa hilo mara moja, kama mpishi atambuavyo chumvi, akasimama, akaomba kwa adabu aanze upya chini kidogo. Wakamwambia aendelee palepale, tena aimbe kwa nguvu, na acheze. Kijana aliyelelewa kuwatii wakubwa akatii. Alipofika kwenye kiitikio sauti ikapasuka.

Nyumbani walikuwa wameambiwa kwamba ataonekana. Miaka hiyo umeme ulikuwa umekwisha fika, na televisheni hazikuwa tena za dukani. Dada yangu alipika pilau, akawaita majirani na viongozi wa kwaya. Mimi nilikuwa chumba cha habari, nimekaa na wenzangu, tukimalizia kurasa huku kipindi kinaendelea juu ukutani.

Sauti ilitangulia picha. Nilikuwa nimeinamia karatasi zangu, nikasikia wimbo ukipasuka, kisha ukapachikwa mlio wa mbuzi. Nikacheka. Nilicheka kama nilivyocheka miaka yote, kabla ya kufikiri, na nikiwa bado nacheka niliinua uso, nikamwona.

Zilikuwa kama sekunde 40. Ile sehemu alipoomba kuanza upya haikuwamo.

KISIMANI TENA

Sitaeleza yaliyofuata kwa urefu. Watoto wa Kisanga hawana ubaya kuliko watoto wengine. Walifanya kile nilichowafundisha kaka zao mwaka 2007. Akipita, mmoja alilia kama mbuzi, mwingine akafumba macho na kutikisa mabega. Kipande kile kilisambaa katika simu mpaka Kilosa mjini na mpaka mashamba ya miwa. Aliacha kwenda mazoezi ya kwaya, kwanza kwa kisingizio cha homa, kisha bila kisingizio. Akanunua pikipiki kwa mkopo, akaanza kubeba abiria, akivaa kofia ngumu hata pale ambapo wenzake hawaivai.

Niliwaandikia wenye shindano. Walijibu kwa adabu kwamba kijana alikuwa na umri wa kutosha na alikuwa ametia sahihi. Niliomba nakala, nikaipata: kurasa mbili za Kiingereza, herufi ndogo, na jina lake chini kwa mwandiko wa shule ya msingi ya Kisanga. Kisheria sikuwa na la kusema. Wenzangu hapa kazini walinifariji kwa maneno ambayo hata mimi ningeyasema zamani, kwamba aendaye kushindana asikasirikie kushindwa. Lakini hakukasirikia kushindwa. Hakuna siku niliyomsikia akisema kwamba alistahili kushinda. Anachosema, na alikisema mara moja tu, ni kwamba yule kaka wa mlangoni angemwambia tu hapana, yeye angeondoka na kuwahi basi la jioni.

Miezi michache baadaye mama yangu akafariki. Ndiye aliyesema siku ile njiani kwamba kumbe na sisi tunaonekana. Usiku wa kwanza wa matanga watu walikaa wakingoja. Mpwa wangu alikuwapo. Alikuwa amechota maji, amepasua kuni, na kesho yake alikuwa wa kwanza kushika jembe kaburini. Wakina mama walimtazama. Mzee mmoja alimwita jina lake kwa sauti ya chini. Akasimama, akaenda kuongeza kuni. Mwisho mtu mwingine akauanzisha wimbo, akauanzia chini, ukazama, tukaumalizia hivyohivyo.

Nilikuwa nimekaa mkekani kichwani mwa maiti ya mama yangu na nikajua bei ya ile nauli.

WAZEE WA MOROGORO

Siku hizi nikisikia inasemwa kwamba bila mashindano haya vipaji vya mikoani vingeozea mashambani, huwakumbuka wazee wetu wa Morogoro. Mkoa huu ulimtoa Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965. Ulimtoa Mbaraka Mwinshehe, aliyeingia Morogoro Jazz akiwa kijana, akapiga gitaa pamoja na waliomtangulia, akafika Osaka, Japani, katika maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, akaunda Super Volcano mwaka 1973, na kufariki kwa ajali Mombasa mwaka 1979. Katika bendi kijana alikosea akiwa katikati ya watu, na watu hao hao waliufunika ufa wake kwa vyombo vyao mpaka akajifunza.

Nisiyapambe sana mambo ya kale. Kwa miaka mingi mlango wa kurekodi kwa wanamuziki wa Bara ulikuwa karibu Radio Tanzania pekee, na anayekataliwa hapo hakuwa na pa kwenda. Na wengi waliotuchezesha walikufa maskini. Lakini sijapata kusikia kwamba mtu aliyekosea noti alipachikiwa mlio wa mbuzi akapigwa hewani.

Pasaka iliyopita nilikuwa Kisanga. Jioni ya Jumamosi mpwa wangu alinichukua kwa pikipiki nikawasalimu wanakwaya, waliokuwa katika mazoezi ya mwisho. Nilimkaribisha tuingie wote. Akasema atangojea nje, chini ya mwembe, aangalie mnyororo. Nikabaki naye. Ndani waliuanza wimbo, wakaukatisha. Wakauanza tena, wakaukatisha. Mwalimu alikuwa akitafuta mahali pa kuanzia na hakupaona, na sauti ya kwanza walikuwa wamekwisha kuanza kunung'unika.

Mpwa wangu alikuwa amechuchumaa, spana mkononi. Bila kuinua kichwa alitoa noti moja, kwa midomo iliyofungwa, ndefu, ya kutosha kufika dirishani. Ndani wakanyamaza. Nilimwona mwalimu akisogea dirishani, asichungulie, ila ainue mkono tu kuwazuia wengine. Kisha wimbo ukaanza, safari hii mahali pake.

Niligeuka kumtazama. Alikuwa amekwisha vaa kofia yake ngumu.

"Twende mjomba," akasema, "giza linaingia."